Somo la 31: Mashua Mbili Zilizovuka Mlima



Nyote mnaijua njia ya reli inayopita mjini kwetu Likasi. Upande mmoja inakwenda Lubumbashi. Upande wa pili inakwenda Kambove, Fungurume na Tenke, halafu mbali zaidi hadi Bukama, kwenye mto Lualaba. Juu ya reli hii yamepita mawe ya shaba, mahindi, mbao, askari, na watu wengi na mizigo yao.

Lakini mwaka 1915 kilipita kitu cha ajabu. Juu ya mabehewa ya gari la moshi zilipandishwa mashua mbili za vita, zimetoka Uingereza. Watu walioziona walijiuliza: «Mashua zinakwenda wapi katika nchi ya milima na misitu? Maji yako wapi?» Nanyi mngeuliza vilevile.

Leo tutasoma habari za mashua hizo na za mkuu aliyeziongoza. Tutaona ujasiri wake. Tutaona pia makosa yake, kwa maana mtu akisimuliwa mema yake tu, hakusimuliwa nusu. Basi someni mpaka mwisho, halafu pimeni wenyewe.

1. Ziwa lililofungwa

Mwezi wa Agosti 1914 vita kubwa ilianza Ulaya. Wajerumani, ambao wazee wetu waliwaita Wadachi, walipigana na Wabelgiji, Wafaransa, Waingereza na wengine. Vita ile ilivuka bahari ikafika Afrika, kwa sababu mataifa hayo yalikuwa yanatawala nchi zetu. Kongo ilikuwa chini ya Wabelgiji. Nchi ya ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, ambayo leo ni Tanzania, ilikuwa chini ya Wajerumani.

Tazameni ramani. Ziwa Tanganyika ni refu na jembamba. Urefu wake ni kama kilomita 670. Ni mpaka kati ya nchi na nchi, lakini pia ni njia. Mwenye meli ziwani aliweza kupeleka askari wake popote, usiku au mchana. Asiye na meli alikaa ufukoni akingoja kupigwa.

Wajerumani walikuwa na meli. Moja iliitwa Hedwig von Wissmann, nyingine Kingani. Tarehe 22 Agosti 1914 Hedwig von Wissmann ilikuja kwenye pwani ya Kongo ikaipiga meli ya Wabelgiji, Alexandre Delcommune, ikaiharibu. Kisha Wajerumani waliharibu na meli za Waingereza kusini mwa ziwa. Hapo ziwa lote likawa lao.

Tena huko Kigoma walikuwa wakiunda meli ya tatu, kubwa kupita zote. Iliitwa Graf von Götzen. Ilitengenezwa Ujerumani, ikafunguliwa vipande vipande, ikatiwa katika masanduku 5,000 hivi, ikaletwa kwa bahari hadi Dar es Salaam, kisha kwa reli hadi Kigoma. Iliposhushwa majini tarehe 5 Februari 1915 urefu wake ulikuwa mita 71.

2. Wazo la mwindaji

Alikuwako mwindaji mmoja wa tembo, jina lake John Lee. Aliijua sana nchi hii. Mwezi wa Aprili 1915 alikwenda London kwa wakubwa wa jeshi la maji, akawaambia: Meli kubwa haiwezi kufika Tanganyika, lakini mashua ndogo zenye mbio zinaweza. Zipelekeni kwa bahari hadi Cape Town. Kutoka huko zitapanda gari la moshi hadi mwisho wa reli ya Katanga. Mahali pasipo na reli zitavutwa na watu na wanyama. Kisha zitashuka mtoni, na mwisho zitafika ziwani.

Wengi wangecheka. Kuvuta mashua juu ya milima! Lakini wakubwa wale walikubali, kwa kuwa waliamini kwamba adui akiwa majini, hata kama maji yale yako katikati ya Afrika, ni kazi ya mabaharia kumfuata.

Zikatafutwa mashua mbili za mbao. Urefu wa kila moja ulikuwa mita 12, yaani kama urefu wa darasa kubwa. Mbele ziliwekewa mzinga mdogo, nyuma bombomu. Ziliitwa Mimi na Toutou. Msifikiri kwamba ile «Mimi» ni neno letu la Kiswahili. Katika lugha ya Kifaransa watoto humwita paka «mimi» na mbwa «toutou».

3. Mkuu wa safari

Mkuu aliyechaguliwa aliitwa Geoffrey Spicer-Simson. Alizaliwa mwaka 1876 katika kisiwa cha Tasmania, mbali kusini mwa dunia. Alikuwa amekaa miaka mingi katika jeshi la maji, lakini hakupanda cheo upesi. Alikuwa amepata aibu pia: mwaka 1914 meli moja iliyokuwa chini yake ilizamishwa na adui wakati yeye mwenyewe alikuwa nchi kavu anakula chakula.

Alikuwa mtu wa namna gani? Alipenda kujisifu. Alisimulia habari za uwindaji na vita ambazo wenzake hawakuzisadiki. Mwili wake ulijaa chale za picha za nyoka na wanyama. Huko ziwani alivaa kitambaa kama sketi badala ya suruali, na watu walimshangaa. Hakupenda sana kusikia shauri la mwingine. Hata yule Lee, mwenye kutoa wazo la kwanza, alitangulia kutafuta njia, lakini baadaye mkuu akamwondoa katika safari.

Basi mtu huyo si mtakatifu wa picha. Hata hivyo alikuwa na jambo moja jema: alipopewa kazi ambayo wengine waliiona haiwezekani, hakusema «haiwezekani». Aliishika.

Tarehe 15 Juni 1915 yeye na watu wake, jumla yao kama 28, waliondoka Uingereza. Baada ya siku 17 walifika Cape Town. Mashua zikapandishwa juu ya gari la moshi. Zikapita Bulawayo, zikapita mto Zambezi, zikafika Élisabethville, mji ambao leo ni Lubumbashi, tarehe 26 Julai. Kisha zikaja upande wetu. Tarehe 5 Agosti zilifika Fungurume. Hapo reli ilikwisha.

4. Njia isiyo njia

Kutoka Fungurume mpaka Sankisia, ambako ilianza reli nyingine fupi ya kwenda Bukama, palikuwa na kilomita 235. Katikati palikuwa na msitu, mabonde, mito na milima ya Mitumba. Mahali pa juu palipita mita 1,800. Kumbukeni kwamba mji wetu wa Likasi uko kwenye mita 1,300 hivi tu.

Kwanza ilibidi kutengeneza njia. Mamia ya wafanyakazi Waafrika walikata miti, wakang'oa visiki, wakavunja mawe, wakajaza mashimo. Walijenga madaraja zaidi ya 100 kwa magogo na udongo. Yote hayo kwa shoka, jembe na mikono.

Kisha yaliletwa magari mawili mazito ya moshi. Hayakuwa magari ya reli. Yalikwenda juu ya udongo kwa magurudumu makubwa ya chuma. Yalikuwa na nguvu sana, lakini uzito wake ulikuwa shida. Daraja moja lilibonyea chini ya gari, na gari likainama kando. Ikabidi kulinyanyua, kulijenga daraja upya, na kuanza tena.

Magari yale yalikula kuni na kunywa maji bila kushiba. Ilikuwa mwezi wa Agosti na wa Septemba. Ninyi mnaijua miezi hiyo kwetu: majani yamekauka, vumbi limejaa, moto wa mwitu unawaka vilimani, na vijito vimekuwa mchanga mtupu. Maji ya kutia katika magari yangetoka wapi? Wanawake wa vijijini waliyachota mbali, wakayaleta vichwani katika mitungi. Fikirini, watoto: mtambo wa chuma, wenye nguvu za ng'ombe wengi, ulisimama ukingoja mtungi wa mama mmoja.

Mlimani palikuwa pagumu zaidi. Palipokuwa na mteremko mkali, gari la moshi halikuweza kuvuta. Hapo walileta maksai wengi. Mbele, juu ya mlima, walitafuta mti mnene. Waliizungusha kamba ya chuma kwenye mti huo. Ncha moja waliifunga kwenye mashua, ncha nyingine kwenye maksai. Kisha waliwaswaga maksai kuteremka. Maksai waliposhuka, mashua ilipanda. Hatua kwa hatua, mti kwa mti, hivyo mashua zilifika juu.

Je, kushuka kulikuwa rahisi? Hata kidogo. Ninyi mmewaona watu wanaoleta makaa mjini kwa baiskeli. Wakati wa kupanda mlima wanasukuma kwa jasho. Wakati wa kushuka wanavuta nyuma kwa nguvu zao zote, maana mzigo unataka kukimbia na kuwaua. Ndivyo ilivyokuwa kwa Mimi na Toutou. Maksai na watu walizishika kwa nyuma zisije zikatumbukia bondeni.

Tarehe 28 Septemba mashua zilifika Sankisia. Hesabuni: tangu tarehe 5 Agosti mpaka tarehe 28 Septemba ni siku 54. Gawanyeni kilomita 235 kwa siku 54. Mtaona kwamba walikwenda zaidi kidogo ya kilomita 4 kila siku. Mtoto anayekaa mbali na shule huenda mwendo huo asubuhi kabla ya kengele! Lakini hakuna siku waliyosema: «Basi, turudi.»

Huo, watoto, ni ujasiri wa namna ya kwanza. Hakuna mzinga uliolia. Hakuna aliyepiga makofi. Kulikuwa na jua, vumbi, inzi, homa, na kazi ile ile kila kukicha.

5. Mto na ufuko

Kutoka Bukama mashua zilishushwa katika mto Lualaba. Maji yalikuwa machache kwa sababu mvua hazijaanza. Mara nyingi zilikwama juu ya mchanga, na watu wakashuka mtoni kuzisukuma, hali viboko wako karibu. Zilivuka ziwa Kisale, penye mafunjo mengi, na tarehe 22 Oktoba zikafika Kabalo. Kutoka huko zilipanda gari la moshi tena, na mwishoni mwa Oktoba 1915 zilikuwa karibu na Lukuga, penye mji tunaouita leo Kalemie.

Tangu Uingereza zilikuwa zimekwenda zaidi ya kilomita 14,000.

Zilifichwa kwanza, mpaka bandari ndogo ya mawe itengenezwe. Wajerumani walihisi kwamba kuna kazi inafanywa ufukoni, lakini hawakujua ni nini. Mwanzoni mwa Desemba ofisa wao mmoja, jina lake Rosenthal, aliogelea usiku kuja kuchungulia. Ziwa lina mamba, na ufukoni wako adui. Naye alikuwa jasiri. Lakini kulipokucha alikamatwa. Basi rafiki zake wakabaki gizani.

Tarehe 22 na 23 Desemba Mimi na Toutou ziliteremshwa katika maji ya Tanganyika.

6. Dakika kumi na moja

Jumapili tarehe 26 Desemba 1915, siku ya pili ya Noeli, mkuu na watu wake walikuwa wamesimama katika sala ya asubuhi. Mjumbe akaja mbio: meli ya adui inaonekana! Mkuu hakukatiza sala. Aliimaliza, kisha akatoa amri. Mabaharia wakakimbilia mashua.

Meli ile ilikuwa Kingani. Ilikuwa inapita polepole kuchungulia pwani. Mashua ziliiacha ipite kwanza, halafu zikatoka nyuma yake. Kwa nini nyuma? Mzinga wa Kingani uliweza kupiga mbele tu. Mkuu alilijua jambo hilo, akalitumia. Kila Kingani ilipojaribu kugeuka, mashua nazo zikageuka, kwa kuwa zilikuwa nyepesi na za mbio.

Mapigano yalidumu dakika 11 tu. Kapteni wa Kingani, jina lake Junge, alikufa penye mzinga wake pamoja na wengine. Waliobaki wakatoa ishara ya kushindwa. Kingani ilivutwa ufukoni, hali maji yanaingia kwa tundu la risasi kubwa. Watu wengi waliokuwa wametazama toka vilimani walishangilia.

Mkuu alifanya jambo moja la kukumbukwa. Maadui waliokufa aliwazika kwa heshima ya askari, akaweka na mlinzi kwenye makaburi yao. Hakuwatukana wala hakuwatupa. Aliyekufa si adui tena.

Kingani ilitengenezwa, ikapewa jina jipya, Fifi, ambalo kwa Kifaransa ni sauti ya ndege mdogo. Sasa walikuwa na paka, mbwa na ndege!

7. Shauri la mdogo

Tarehe 9 Februari 1916 ilitokea Hedwig von Wissmann, ikimtafuta mwenzake aliyepotea. Mkuu alikuwa ndani ya Fifi. Mashua Mimi iliongozwa na luteni Wainwright. Toutou haikutoka, kwa kuwa ilikuwa imeharibika.

Hedwig ilipoona hatari ilikimbia. Fifi haikuwa na mbio za kutosha. Mimi ilitangulia peke yake, ikawa kama mbwa mdogo anayembughudhi ng'ombe: inapiga, inakwepa, inapiga tena, mpaka Hedwig ikalazimika kugeuka na kupunguza mwendo. Kwa hiyo Fifi ikakaribia.

Lakini risasi za mzinga wa Fifi zilipita juu ya adui zikaanguka majini. Nazo zilikuwa karibu kwisha. Hapo Wainwright aliileta Mimi kando ya Fifi, akapaza sauti kumwambia mkuu kwamba anapiga mbali mno. Kumbukeni, huyu mkuu hakupenda kuambiwa neno. Siku ile alisikia. Mzinga ukashushwa kidogo. Risasi ikapiga Hedwig, ikafika kwenye mashine. Meli ikawaka moto, ikazama. Waliookoka walitekwa.

Kama mkuu angesema, «Nani wewe kunifundisha?», risasi za mwisho zingeanguka ziwani, na Hedwig ingekwenda zake.

Habari zikafika Uingereza. Mfalme George wa Tano akapeleka pongezi. Mkuu akapandishwa cheo akapewa nishani, na Wabelgiji nao wakampa nishani yao.

8. Meli kubwa

Sasa sikilizeni sehemu ya mwisho, ambayo si tamu.

Siku iliyofuata ilikuja Graf von Götzen, ile meli kubwa, ikitafuta dada zake wawili. Ilipita taratibu mbele ya pwani. Mabaharia wakamtazama mkuu wao wakingoja amri. Mkuu akaitazama meli kwa darubini, kisha akakataza kutoka. Götzen ikapita, ikaenda.

Je, ilikuwa woga? Tusihukumu upesi. Götzen ilikuwa na mzinga mkubwa uliotoka katika meli ya vita ya Wajerumani, Königsberg. Ungeweza kuivunja Fifi kabla Fifi haijaweza kupiga. Kiongozi mwema hatupi roho za watu wake bure. Labda ilikuwa busara.

Lakini mwezi wa Juni 1916 ilikuja nafasi nyingine. Askari wa Waingereza waliuzingira mji wa Bismarckburg, ambao leo unaitwa Kasanga, kusini mwa ziwa upande wa Tanzania. Kazi ya mkuu ilikuwa kulinda upande wa maji ili Wajerumani wasitoroke. Aliiona mizinga ya ngome akaogopa kukaribia. Usiku Wajerumani waliingia katika mashua na mitumbwi wakaenda zao. Asubuhi askari walipoingia ngomeni, waliona kwamba mizinga ile iliyomtisha ilikuwa ya mti!

Baada ya hayo mkuu aliugua, akarudishwa kwao. Hakupewa tena meli ya kuongoza. Alifariki mwaka 1947 huko Kanada.

Na Götzen? Wabelgiji waliipiga kwa ndege huko Kigoma mwezi wa Juni 1916. Majeshi ya Kongo yalipokaribia kwa nchi kavu, Wajerumani waliizamisha wenyewe tarehe 26 Julai 1916, baada ya kupaka mashine zake mafuta mengi zisishike kutu. Siku mbili baadaye askari wa Kongo, chini ya ofisa Olsen, waliingia Kigoma. Mwaka 1924 Waingereza waliitoa Götzen majini, na mwaka 1927 ilianza kusafiri tena kwa jina la Liemba. Meli ya vita ikawa meli ya amani. Kwa miaka mingi sana ilichukua mama na watoto wao, samaki, nanasi na magunia ya mahindi kati ya Kigoma na Mpulungu.

9. Tupime sasa

Watoto, mlipoulizwa ujasiri ni nini, wengi mngejibu: ni kupigana bila kuogopa. Lakini katika habari hii dakika za mapigano zilikuwa chache sana. Siku za kuvuta zilikuwa nyingi. Bila siku 54 za msituni, zisingekuwako dakika 11 za ziwani. Mtu anayetaka ushindi bila mlima, anaota. Haba na haba hujaza kibaba.

Tena tumeona kwamba ujasiri si nguo ambayo mtu akiivaa mara moja, imekwisha kuwa yake daima. Yule aliyekuwa shujaa mwezi wa Desemba aliogopa miti iliyochongwa mwezi wa Juni. Huenda sifa zilimlemea. Mwenye nishani kifuani huogopa kuipoteza. Kila siku mtu huanza tena.

Na jambo la mwisho ndilo kubwa. Jina la mkuu limeandikwa vitabuni. Hata majina ya mashua tunayajua: Mimi, Toutou, Fifi. Lakini majina ya wale waliokata miti, waliowaswaga maksai, waliosukuma mashua mtoni, na ya wale mama walioleta maji kwa mitungi, hayakuandikwa. Katika vita ile Kongo peke yake ilitoa wapagazi zaidi ya laki mbili. Wazee waliwaita tenga-tenga. Wengi hawakuulizwa kama wanataka kwenda: serikali iliagiza, chifu akatoa watu. Wengi hawakurudi. Vita haikuwa yao, lakini mzigo ulikuwa juu ya mabega yao.

Basi ukiwa kiongozi siku moja, hata kiongozi wa darasa tu au wa timu ya mpira, kumbuka mashua zile. Kiongozi hodari huona njia pale wengine wanapoona mlima. Lakini havuti peke yake. Awajue wanaovuta, awaite kwa majina yao, na asikie wanapomwambia: «Unapiga mbali mno.»

Maneno ya kujifunza

bombomu: bunduki inayotoa risasi nyingi mfululizo.
chale: alama zilizochorwa katika ngozi ya mtu.
maksai: ng'ombe dume aliyehasiwa, wa kufanya kazi.
mafunjo: majani marefu yanayoota majini.
mpagazi: mtu anayechukua mizigo ya safari.
kuswaga: kuendesha wanyama mbele yako.
nishani: alama ya heshima inayovaliwa kifuani.
ngome: nyumba au mji wenye kuta za kujilinda na adui.

Maswali

1. Kwa nini mwenye meli katika Ziwa Tanganyika alikuwa na nguvu kuliko mwenzake?
2. Nani alitoa wazo la kuleta mashua? Alitendewa nini baadaye?
3. Tajeni, kwa utaratibu, mahali mashua zilipopita kutoka Élisabethville mpaka Lukuga.
4. Elezeni jinsi maksai walivyoshuka na mashua ikapanda. Chora picha ukutani.
5. Kwa nini mashua ziliipiga Kingani kutoka nyuma?
6. Wainwright alikuwa mdogo kwa cheo. Je, alifanya vema kumwambia mkuu kosa lake? Toeni sababu.
7. Mkuu alipokataa kupigana na Götzen, ilikuwa busara au woga? Na huko Bismarckburg? Darasa ligawanyike sehemu mbili, kila upande ujibu kwa heshima.

Kazi ya nyumbani

Chora ramani ya njia ya mashua, kuanzia Fungurume mpaka ziwa. Kisha muulize babu, bibi au mzee wa jirani: Ni kazi gani kubwa ilifanywa katika mtaa wetu au kijiji chetu, barabara, daraja, kisima au shule, na ni nani walioifanya kwa mikono yao? Andika majina yao katika daftari lako, hata yakiwa mawili tu. Kesho utayasoma mbele ya wenzako, nao watasimama wakisikiliza.